Wasomaji Wanauliza: Niliombewa Mara Tatu, na Bado Nakunywa

Barua zilizotufikia kuhusu imani na uraibu ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, nami nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna mpango unaoweza kumpotezea mtu maisha kabla ya wiki kwisha. Majina na mahali nimeviondoa.

SWALI: Ndugu mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nimeoa, nina watoto watatu, na kwa miaka mingi nimeimba kwaya. Nilianza kunywa kidogo kidogo baada ya kazi, na sasa siwezi kuianza siku bila kunywa. Chupa naificha ndani ya buti la mvua nyuma ya mlango wa stoo. Nimeombewa mara tatu. Mara ya pili nilikaa miezi mitano bila kugusa pombe, nikasimamishwa mbele ya kanisa kushuhudia kwamba nimefunguliwa kabisa, na watu wakashangilia. Wiki sita baadaye nilirudia. Tangu hapo nakunywa kwa siri kuliko zamani, maana nitamwambia nani? Jumapili iliyopita mikono ilinitetemeka mpaka mwenzangu akanishikia kitabu cha nyimbo. Mzee mmoja wa kanisa amesema shida yangu ni imani haba. Nimeamua Ijumaa hii nijifungie chumbani, nifunge siku tatu bila chakula wala maji, na pombe niikate papo hapo. Naomba uniambie kama Mungu bado ananisikiliza.

JIBU: Ndugu yangu, amina, na asante kwa kuandika bila kuficha. Swali lako la mwisho nitalijibu, lakini kwanza nakusihi: usijifungie Ijumaa. Mtu ambaye mwili wake umeizoea pombe kiasi cha kutetemeka anapoikosa hawezi kuikata ghafla, akiwa peke yake, bila kuyaweka maisha yake hatarini. Pombe huutuliza ubongo, na ubongo unaotulizwa kila siku kwa miaka hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu ya ziada ili usizidiwe na utulivu huo. Pombe inapoondoka ghafla, nguvu ile ya ziada hubaki bila cha kuizuia. Ndipo katika saa chache za kwanza huja jasho, kutapika, mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi. Degedege linaweza kutokea kati ya saa ya 6 na ya 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kwa baadhi ya watu, kuanzia siku ya pili au ya tatu, hufuata homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, hali ambayo isipotibiwa inaweza kuua. Kufunga bila maji kunaizidisha hatari hiyo, kwa kuwa mwili wa mtu aliyekunywa kwa muda mrefu mara nyingi umekwisha kupungukiwa maji, chumvi na vitamini B1.

Haya yote yanatibika. Madaktari wanazo dawa za kuushusha mwili polepole kwa siku kadhaa, na watakupa vitamini uliyopungukiwa. Nenda hospitali kabla ya Ijumaa, umweleze daktari kiasi unachokunywa kweli, si nusu yake kama watu wengi wanavyofanya wanapoulizwa, na mpaka hapo usiache kwa ghafla. Ukipata degedege au ukianza kuona visivyokuwapo, hiyo ni dharura, na mtu akupeleke saa hiyo hiyo. Funga yako itakungoja. Mwili ukishatulia utafunga kwa namna ambayo daktari hataiona hatari, na Bwana hatakuwa ameondoka.

Najua unaweza kuyasoma haya kana kwamba nakuondoa kwa Mungu na kukupeleka kwa binadamu. Basi nikueleze kisa ambacho nadhani kinakuhusu kuliko unavyofikiri. Desemba 1934 mfanyabiashara wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya ulevi, na si mara yake ya kwanza. Rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, aliyeacha pombe kupitia kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, alikuwa amemtembelea na kumsimulia habari zake. Humo humo hospitalini, akiwa bado anatibiwa, Wilson alimlilia Mungu na kupata utulivu ambao aliusimulia maisha yake yote, wala hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1971.

Mwezi Mei 1935 alisafiri kwenda Akron, Ohio, kwa shughuli za biashara, na biashara ikaharibika. Alisimama kwenye ukumbi wa hoteli akiwa peke yake. Upande mmoja kulikuwa na baa iliyojaa vicheko, upande mwingine kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Aliiendea simu. Mchungaji mmoja aliyempigia alimpa majina ya watu, na kupitia kwao akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Ndugu yangu, mwangalie vizuri huyu daktari. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ameshiriki mikutano ya kundi lile lile la Oxford, amesoma Maandiko, ameomba na kuombewa, na bado alikunywa. Alikubali kumpa mgeni wake dakika 15, na wakakaa pamoja zaidi ya saa sita. Hata baada ya hapo alirudia, akiwa safarini kwenye mkutano wa madaktari. Kinywaji chake cha mwisho huhesabiwa kuwa cha tarehe 10 Juni 1935, asubuhi ambayo alikuwa na upasuaji wa kufanya na mikono yake ilitetemeka kama ya kwako. Wilson mwenyewe ndiye aliyempa bia kidogo ili mikono itulie. Daktari Smith hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950, na siku ile ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe.

Sala hazikuwa zimempungukia daktari yule. Alikuwa hajapata mtu wa kuketi mbele yake na kumwambia, mimi pia, na kumsikiliza bila kushtuka. Watu wale wa kwanza wa Akron waliupenda sana Waraka wa Yakobo, na ukisoma sura ya 5, mstari wa 16, utaona kwa nini: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Wewe umeombewa mara tatu, lakini katika barua yako yote sioni mahali hata pamoja ulipomwambia mtu kuhusu lile buti la mvua. Waliokuombea walimwombea mtu waliyeoneshwa nusu.

Kuhusu imani haba, sikubaliani na mzee wako, na nasema hivyo nikimheshimu. Mtume Paulo aliandika kwamba alimsihi Bwana mara tatu, hesabu ile ile yako, kwamba mwiba uliokuwa mwilini mwake umtoke, nao haukumtoka. Jibu alilopewa ni hili: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Hakuambiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Mtu anayepimiwa imani kwa hesabu ya siku alizokaa bila kunywa atajifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha, na pombe haihitaji msaada mwingine wowote zaidi ya kufichwa.

Hapa sina budi kusema kosa langu mwenyewe. Miaka iliyopita, nikiwa mmoja wa viongozi wa ibada, nilimsimamisha mbele ya watu kijana aliyekuwa na wiki tatu tu tangu aache, nikampa kipaza sauti. Alizungumza vizuri, nasi tukafurahi sana. Aliporudia kunywa hakuweza kupita tena katika mlango ule, kwa sababu kila aliyekaa ndani alimjua kama yule aliyefunguliwa. Ilipita zaidi ya mwaka kabla hajarudi, na alirudi kupitia mlango wa nyuma, katikati ya wiki, wakati kanisani hapakuwa na mtu ila mfagiaji. Nilimwomba msamaha, na tangu siku ile sijamwomba mtu yeyote ushuhuda akiwa bado mchanga katika safari hii. Inawezekana waliokusimamisha wewe walikupenda kama mimi nilivyompenda yule kijana. Mzigo waliokutwika ulikuwa mzito hata hivyo.

Chukua Injili ya Yohana, sura ya 11. Bwana anamwita Lazaro kaburini, na Lazaro anatoka akiwa hai, lakini miguu na mikono yake bado imefungwa sanda na uso wake umezungushiwa leso. Uhai amekwisha kupewa, na bado hawezi kutembea vizuri wala kuona. Yesu, ambaye angeweza kuzikata zile sanda kwa neno moja, anawageukia watu waliosimama pale na kuwaambia: "Mfungueni, mkamwache aende zake." Kazi ya kufungua ameiacha mikononi mwa jirani na ndugu, na sanda hufunguliwa tabaka baada ya tabaka. Daktari ni mmoja wa hao walioambiwa wafungue. Mke wako ni mwingine. Mnywaji mwenzako aliyeacha miaka 10 iliyopita, ambaye pengine anaketi benchi la tatu kutoka kwako na hujui habari zake, ni mwingine.

Miezi yako mitano haikupotea. Katika miezi ile mwili wako ulijifunza kulala bila pombe, nawe uliona kwamba inawezekana. Sasa kaa na mtu mwenye busara mjiulize ni nini kilitokea katika zile wiki sita baada ya ushuhuda. Uliacha kukutana na watu kwa kuwa ulidhani umemaliza? Ulikuwa na hasira, upweke, usingizi mchache, fedha mkononi siku ambayo hukuwa na la kufanya? Yesu alizungumza juu ya pepo aliyerudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akaenda kuleta wengine saba. Kwa Mathayo anaongeza kwamba nyumba ile ilikuwa tupu. Nimeona mara nyingi kwamba kuacha pombe kunafagia nyumba na kuiacha tupu kuanzia saa 11 jioni, saa ambazo zamani zilikuwa za kunywa. Saa hizo zipe mtu na kazi tangu sasa, na zipe pia sala fupi, isiyoomba miaka mingi. Ombi la mkate wa kila siku ni ombi la siku moja, na mana jangwani ilipohifadhiwa hadi asubuhi iliingia wadudu.

Sasa swali lako. Ndiyo, anakusikiliza. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inamalizika gizani, bila mstari mmoja wa faraja mwishoni, na bado imehesabiwa kuwa sala na imewekwa katika Maandiko ili watu kama wewe waisome kwa sauti. Isome leo usiku. Kisha, kabla ya kwenda hospitali, mwite mke wako stoo, umwoneshe lile buti, na umwombe akusindikize kwa daktari.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, mwanangu ana miaka 26 na alitumia heroini kwa miaka sita. Sasa kila siku anakwenda kunywa methadoni kliniki, na huu ni mwezi wa tisa. Amenenepa, anaongea na mimi vizuri, amepata kibarua. Lakini katika kikundi changu cha maombi wananiambia kwamba amebadilisha tu dawa moja kwa nyingine, kwamba lile ni pepo, na kwamba nikimpenda kweli nimwachishe methadoni ili Mungu apate nafasi. Nimechanganyikiwa, na nimekuwa nikilia usiku.

JIBU: Mama, shikamoo. Usimwachishe, na asiache mwenyewe bila daktari wake kupanga hivyo.

Wenzako wako sahihi katika jambo moja tu, kwamba methadoni ni ya jamii moja na heroini. Tofauti iko katika inavyofanya kazi. Heroini hupanda kwa kasi na kushuka kwa kasi, na mtumiaji huhitaji kuitafuta tena mara kadhaa kwa siku ili asipatwe na maumivu ya arosto. Methadoni huingia polepole na kukaa mwilini takriban siku nzima, hivyo kipimo kimoja kilichopimwa na mhudumu kinamwondolea mtu arosto bila kumlevya, naye anapata siku yake nzima ya kufanya kazi na kuzungumza na mama yake. Madaktari wa New York waliandika juu ya matibabu haya tangu mwaka 1965, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Hatari ambayo wenzako hawaijui ni hii: mtu akiisha kukaa bila heroini kwa muda, mwili wake huusahau ule uvumilivu wa zamani, na kipimo alichozoea kutumia zamani kinaweza kumzuia kupumua. Wengi hufariki katika wiki za kwanza baada ya kuacha matibabu. Waulize pia wahudumu wa kliniki kama wanaweza kukupa naloksoni, dawa inayoweza kumrudishia mtu pumzi akizidisha, na kukufundisha kuitumia. Kuwa nayo nyumbani hakumaanishi kwamba humwamini mwanao.

Mungu amekwisha kupata nafasi, mama. Ni miezi tisa sasa. Msamaria mwema alimfunga mtu majeraha kwa mafuta na divai, dawa za wakati ule, akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili ili aendelee kumtunza, na Bwana hakusema kwamba upendo wake ulipungua kwa sababu alitumia dawa.

Na juu ya machozi ya usiku. Mtakatifu Augustino anasimulia kwamba mama yake, Monika, alimwendea askofu mmoja akimlilia ili azungumze na mwanawe, na askofu, akiwa amechoka kusihiwa, alimwambia kwamba haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Hilo linajulikana sana. Lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba Monika mwenyewe, alipokuwa msichana, alikuwa akitumwa kuteka divai pipani na akawa anaonja kwa ncha ya midomo, kila siku kidogo zaidi ya jana, mpaka akawa anamaliza vikombe vilivyokaribia kujaa. Mtumishi wa kike aliyekuwa akiandamana naye alimwita mlevi siku moja walipogombana, naye akaona haya na kuacha. Basi mama aliyemlilia mwanawe kwa miaka alikuwa anajua kwa ndani jinsi mtu anavyotekwa kidogo kidogo. Endelea kulia ukiomba. Lakini kikundi ambacho kila wiki kinakurudisha nyumbani ukiwa na hofu, waombe waendelee kukuombea na waache kukushauri juu ya dawa, na wasipoweza, tafuta kikundi kingine.

SWALI: Mimi ni mchungaji. Tuna chumba kisichotumika katikati ya wiki, na waumini wanne wameniomba tukitumie kusaidia walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Tuanzeje? Na je, anayerudia kunywa azuiwe kushiriki?

JIBU: Mchungaji, anzeni, na anzeni wadogo. Hao wanne, kama yupo miongoni mwao aliyepita njia hii mwenyewe, yeye ndiye aongoze mazungumzo, na wewe ukae kama msikilizaji. Uzito wa jambo hili umechunguzwa: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yakikusanya tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000, yalionesha kwamba mipango iliyopangwa vizuri ya kuwaunganisha watu na Alcoholics Anonymous iliwasaidia kudumu bila pombe kuliko matibabu mengine yaliyozoeleka kama tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia. Wakutane mara kwa mara, kwa saa ile ile, hata siku ambayo atakuja mtu mmoja. Yanayosemwa mle yabaki mle, yasigeuke vielelezo vya mahubiri hata kwa kuficha majina, maana mwenye kisa atajitambua na hatarudi. Kabla ya kufungua mlango, zungumza na daktari au muuguzi atakayewapokea wale wenye kutetemeka, kwa sababu hizo ambazo nimezieleza kwa ndugu wa barua ya kwanza.

Kuna jambo ambalo silisemi kwa upole. Zipo nyumba za maombi ambazo humfunga mraibu minyororo, humnyima chakula au humpiga wakisema wanampiga pepo. Hayo ni mateso, na anayeyafanya kwa jina la Yesu anapaswa kuzuiwa na Kanisa kabla hajazuiwa na sheria. Mtu aingie kwa hiari yake na aweze kutoka kwa hiari yake.

Kuhusu nadhiri, ziwe fupi. Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyekuwa amekunywa tangu utoto, alipoweka nadhiri mwaka 1884 akiwa na miaka 28 hakuapa kuacha maisha yake yote. Aliapa miezi mitatu. Ilipokwisha akaiongeza, na baadaye ndipo akaweka ya maisha, na alifariki mwaka 1925 bila kunywa tena. Mwaka 1975 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Usimdai mtu ahadi ya milele wakati ambapo hajui atafikaje jioni.

Juu ya kumzuia anayerudia, kila kanisa lina utaratibu wake nami siwezi kuuamua kwako, lakini nakuomba umfikirie Marko Ji Tianxiang. Alikuwa tabibu Mkatoliki nchini China aliyewatibu maskini bila malipo. Alitumia afyuni kwa ajili ya maradhi makali ya tumbo, na ikamteka. Aliungama tena na tena dhambi ile ile, mpaka muungamishi wake, kwa ujuzi wa wakati ule, akaona kwamba hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima maondoleo. Kwa takriban miaka 30 hakupokea Komunyo, na katika miaka hiyo yote aliendelea kwenda kanisani. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, Wachina waliowashambulia wageni na Wakristo, alikamatwa pamoja na watu wa familia yake, akaomba auawe wa mwisho ili asiwepo hata mmoja wao atakayekufa peke yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuishinda afyuni. Kila nikimfikiria mtu huyu najiuliza nini kingekuwa kama angekutana na tabibu aliyejua tunayoyajua leo, na muungamishi aliyemwambia aje tena kesho. Wewe una nafasi ya kuwa wa pili, na ya kumwita wa kwanza.

SWALI: Nina miezi saba tangu niache pombe, kwa neema ya Mungu. Kanisani kwetu kikombe cha Meza ya Bwana ni cha divai halisi. Mara ya mwisho harufu yake peke yake iliniamshia kiu iliyokaa siku mbili. Nikikipitisha bila kunywa, nimemkataa Kristo?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa miezi saba, na hapana, hujamkataa. Mafundisho ya Kanisa Katoliki ni kwamba Kristo mzima yumo katika umbo la mkate peke yake, na Waanglikana nao hukubali kwamba anayepokea mkate tu amepokea kwa ukamilifu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka. Mmethodisti mmoja wa Marekani, Thomas Welch, daktari wa meno, alibuni mwaka 1869 njia ya kuyahifadhi yasichachuke, na alikuwa akiwaza meza ile ile inayokutia hofu. Padre Mkatoliki mwenye shida kama yako anaweza kuruhusiwa na mkuu wake kutumia maji ya zabibu yaliyozuiwa kuchachuka. Ukiona jinsi makanisa mbalimbali yalivyotafuta njia, utajua kwamba hukuwa wa kwanza kuogopa kikombe.

Kiu ile iliyokaa siku mbili isikutishe kana kwamba umeanguka. Harufu huiamsha kumbukumbu upesi kuliko tunavyoweza kuizuia, na kuamka kwa kumbukumbu si kunywa. Ila usiibebe peke yako tena. Siku hiyo hiyo mpigie mtu anayejua habari zako.

Kabla ya Jumapili ya Meza, mwone mchungaji wako faragha. Huna haja ya kumsimulia maisha yako yote, sentensi moja inatosha: mimi siwezi kunywa divai, naomba nipokee mkate tu au kikombe kisicho na kileo. Kaa mwisho wa safu, na kikombe kikikufikia weka mikono yako kifuani. Mhudumu aliyeelezwa mapema atapita bila kuuliza.